Mkabaji bora kikapu cha wanawake vyuoni Marekani: tuache kuhesabu mipira iliyopokonywa tu

MkabajiAsilia
Wakuu, salaam. Hoja yangu ni fupi, mnirarue mkitaka. Tukibishana nani anakaba kweli kwenye kikapu cha wanawake vyuoni Marekani, wa kwanza anakuja na idadi ya mipira iliyopokonywa, wa pili anakuja na bloku (mitupo iliyozuiwa hewani), ubishi unafungwa. Namba hizo mbili zinaonesha mwisho wa tukio tu. Kazi iliyofanyika kabla yake haionekani.

Novemba 2025 Hannah Hidalgo wa Notre Dame alipokonya mipira 16 kwenye mechi moja dhidi ya Akron, rekodi ya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, na juu yake akafunga pointi 44. Mikono ile ni ya kichawi, sibishi. Ninachouliza: mara ngapi mkabaji anachupa kwenye njia ya pasi, anakosa, wenzake wanabaki wanne kwa watano? Karatasi ya mechi haina safu ya hilo. Na bloku vilevile: ukiupiga mpira ukatoka nje, wapinzani wanaanza upya, ila wewe umeshaandikiwa moja.

Kwangu mkabaji ni yule ambaye mtu wake haupati mpira pale anapopataka. Naomba kuwasilisha.

ZoniMbiliTatu
Umeanza vizuri ukaishia pabaya, mkuu. Kupokonya ndicho kitendo chenye thamani kuliko vyote vya ulinzi. Zamu ya mpinzani ya kuwa na mpira inaisha bila mtupo, hakuna ribaundi (mpira unaorudi mtupo ukikosa) ya kugombea, na mara nyingi unaondoka na mpira mbele ukiwa peke yako.

Tufanye hesabu, namba za mfano tu. Tuseme zamu ya kawaida inampa mpinzani pointi 0.9. Mkabaji akichupa na kukosa, inapanda hadi 1.2 kwa sababu wako wengi kuliko nyinyi. Akifanikiwa ni sifuri, na shambulizi la haraka linakuongezea wewe kama 0.3 zaidi ya zamu yako ya kawaida. Piga mwenyewe: inatosha afanikiwe mara moja katika kila tano ili timu isipate hasara. Anayefanikiwa mara moja katika tatu, mwache achupe mpaka achoke.

MkabajiAsilia
Hesabu yako safi, lakini hiyo 1.2 umeitoa mfukoni. Dhidi ya timu yenye wapigaji wanne wa pointi tatu inaweza kufika 1.4, na hapo anahitaji kupata karibu mara tatu katika kila kumi. Mkabaji mmoja, tabia ileile, faida mechi hii na hasara mechi ijayo.

ZoniMbiliTatu
Hapo sawa. Kwa hiyo tunakubaliana kwamba anayeamua ni mpinzani.

Mchungulia_Uzi
Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo.

BintiNyali
Hebu tushuke kwenye mechi yenyewe tuache nadharia. Fainali ya NCAA ya 7 Aprili 2024, Cleveland, South Carolina 87, Iowa 75. Kwetu ilianza saa nne usiku, kwa hiyo wengi humu waliitazama yote.

Iowa walianza 10-0. Caitlin Clark wa Iowa alifunga 18 robo ya kwanza peke yake. Mechi nzima alimaliza na 30. Maana yake robo tatu zilizobaki, dakika 30, alipata 12. Mitupo yake: 10 kati ya 28, na ya mbali 5 kati ya 13. Ukiupa mtupo wa tatu uzito wake wa nusu zaidi, unapata 12.5 kwa 28, yaani asilimia 44.6. Kwa mchezaji aliyeondoka chuoni na pointi 3,951, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa daraja la kwanza, huko ni kumzima.

Raven Johnson wa South Carolina alisifiwa sana kwa kazi ile, na alistahili. Ila angalieni mambo mawili yaliyomsaidia. Benchi la South Carolina lilifunga 37, la Iowa sifuri. Miguu mipya inaingia kila dakika chache, Clark hana wa kumpokea. Pili ribaundi: 51 kwa 29. Kamilla Cardoso wao peke yake 17. Mtupo ukikosa hakuna wa pili. Ukitaka kumpa medali mkabaji mmoja, mpe, lakini ukabaji ule ulifanywa na watu tisa.

KochaMchangani
Dada BintiNyali umegusa penyewe, niongeze la kiufundi. Mpigaji wa mbali kama Clark hakabwi wakati wa mtupo, anakabwa sekunde tatu kabla. Utaratibu ni huu:

Mpokee kabla hajavuka katikati ya uwanja. Bega lako liwe upande wa mkono wake wenye nguvu, umlazimishe kwenda upande mwingine.

Skrini ikija, yaani mwenzake akisimama njiani mwako kukuzuia, pita juu yake, upande wa mpira. Ukipita chini, yaani nyuma ya mweka skrini, umempa nafasi ya kupiga na huyo hakosi mara mbili. Ili upite juu lazima mguu wa mbele uwe umeshavuka skrini kabla bega halijagusana naye. Ukichelewa nusu hatua unabandikwa kama stempu.

Senta wako, yule mrefu wa chini ya kapu, asimame usawa wa skrini, pengine hatua moja juu yake, amzuie kwa pumzi mbili mpaka wewe urudi mbele. Hapa ndipo timu nyingi za vyuo zinapovunjika. Senta mzito anaona raha kubaki chini ya kapu, mkabaji anamfukuza mpigaji kutoka nyuma, na katikati pale panabaki uwanja wa kuchezea bao. Mtupo ukiingia lawama zote zinaenda kwa pointi gadi, mchezaji wa nje anayeongoza mpira.

Akishautoa mpira usishangilie. Mnyime asiurudishiwe. Kupokea mara ya pili ndiko kunakoua, kwa sababu hapo walinzi wote wameshatazama upande mwingine.

Mdau_wa_Kisumu
Na mbona hamtaji 2023? South Carolina haohao, wakiwa 36-0, walitolewa na Iowa nusu fainali 77-73 pale Dallas. Clark 41. Ulinzi bora nchini ulikuwa wapi siku hiyo?

BintiNyali
Mechi ile iliamuliwa na ulinzi wa Iowa, kaka. Iowa ambao hakuna aliyekuwa akiwaita wakabaji! Waliwaacha wachezaji wa pembeni wa South Carolina wapige wapendavyo, wakajazana ndani kwa Aliyah Boston, mrefu wao wa kutegemewa. Ndiyo siku Clark alimpungia mkono Raven Johnson akiwa peke yake kwenye mstari wa pointi tatu, kama kusema "piga tu". South Carolina walipata 4 kati ya 20 za mbali. Boston akaishia na 8. Ribaundi walizishinda kwa mbali na bado wakafungwa.

ZoniMbiliTatu
Ndilo nililosema, anayeamua ni mpinzani. Tena sheria zinaruhusu. Kwenye NCAA hakuna ukomo wa sekunde tatu kwa mlinzi. Senta anaweza kuegesha chini ya kapu kama lori bovu, refa hasemi kitu. Wakienda WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu akikaa ndani zaidi ya sekunde tatu ni kosa. Ndiyo maana wapo wanaoitwa "ukuta" chuoni, wakifika kule wanaonekana wa kawaida.

Halafu eneo la chini ya kapu lenyewe ni jembamba vyuoni, futi 12, kama mita 3.66. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, tunazochezea huku kwetu ni mita 4.9, na WNBA karibu hivyohivyo. Senta wa chuo akipokea mpira nje kidogo ya mstari anahitaji hatua moja kufika kapuni. Kwa hiyo ulinzi unalazimika kumkaba kwa mbele au kumletea mtu wa pili mapema. Mkisema "senta fulani anafunga kirahisi", pimeni kwanza alipokea wapi.

MkabajiAsilia
KochaMchangani, hii ya kumwacha asiyejua kupiga: mbona si kila timu inafanya?

KochaMchangani
Kwa sababu ina bei, na kocha mwenye akili anakulipisha.

Mlinzi wako akisimama mita nne kutoka kwa mtu wake, mtu huyo amepewa uhuru. Kwanza, atageuzwa mweka skrini. Mpigaji hodari anamzunguka kuchukua mpira mkononi mwake, na mlinzi wake yuko mbali, hawezi kutoka kumzuia mpigaji. Umemwacha dhaifu, umefungwa na hodari. Pili, atakata kwenda kapuni wakati mlinzi wake amegeuza shingo kutazama mpira. Tatu, ribaundi ya mbele: hakuna aliyemziba kwa mgongo, anakuja mbio kutoka nje na kuruka juu ya walinzi waliosimama. Siku ambayo huyo dhaifu anapata mbili za kwanza, mpango unaanza kutetemeka na benchi linatazamana.

Kinachofanya kazi: mwache asiyepiga, lakini mlinzi wake awe ni mtu wako mrefu mwenye akili, na mguu wake mmoja uwe ndani ya eneo la chini, si miwili. Akiona mtu wake anasogea kuweka skrini, anapaza sauti na kupanda naye. Ukikosa mtu wa namna hiyo, kaba kawaida tu.

Shabiki_wa_Simba_Jike
Samahani wakuu, nauliza kuhusu Madina Okot wa kwetu Kenya. Alitoka Zetech akaenda Mississippi State, akahamia South Carolina. Ni mlinzi kweli au ni urefu tu?

Mdau_wa_Kisumu
Urefu upo, futi sita na inchi sita, karibu sentimita 198. Alianzia voliboli, na kwa macho yangu inaonekana kwenye muda wa kuruka. Mtu wa voliboli amezoea kuruka mpira ukiwa bado unapanda. Wengi wa kikapu wanaruka wakati umeshaanza kushuka, wanaitwa kwa kosa la kuugusa ukielekea kapuni.

Kwa senta yeyote wa urefu ule mtihani uko miguuni. Atatolewa nje kwa skrini mara ishirini kwa mechi. Mtazameni nyonga: zikiwa juu na magoti yamenyooka, gadi mwepesi anampita kwa hatua moja. Zikiwa chini, urefu wa mikono unamtosha hata akibaki mita moja na nusu nyuma. Na kuchaguliwa na Dawn Staley, kocha wa South Carolina, si jambo dogo. Pale asiyekaba anakalia benchi, hata awe na jina gani.

Mama_wa_Takwimu
Nimesoma yote, sasa niwape kipimo. Acheni "timu inaruhusu pointi ngapi kwa mechi". Kinachohesabiwa ni pointi kwa zamu 100. Idadi ya zamu za mpinzani unaikadiria hivi: mitupo yake ya uwanjani, toa ribaundi zake za mbele, jumlisha mipira aliyopoteza, jumlisha mitupo huru ukizidisha na 0.475.

Timu A (ya kubuni): wapinzani wamepiga 60, ribaundi za mbele 10, wamepoteza mipira 16, mitupo huru 14, wamefunga 58. Zamu ni 60 − 10 + 16 + 6.65 = 72.65. Yaani pointi 79.8 kwa zamu 100.

Timu B: mitupo 68, ribaundi 9, wamepoteza 22, mitupo huru 16, wamefunga 66. Zamu 88.6. Pointi 74.5 kwa zamu 100.

Gazetini A ndiyo ngome, imeruhusu 58. Ukweli B inakaba vizuri zaidi, ila inacheza mbio. Timu ya polepole inajificha ndani ya saa ya sekunde 30.

Tahadhari mbili. Mechi za Novemba, vigogo wanapowapiga vyuo vidogo kwa tofauti ya pointi 40, ziweke pembeni, hesabu za ligi zao tu. Na asilimia ya pointi tatu ya wapinzani isikuchanganye ndani ya mechi kumi, humo bahati ni nyingi. Tazama wamepiga ngapi. Kumzuia mtu asipige ni kazi ya mlinzi. Mpira ukishatoka mkononi, sehemu kubwa ni ya Mungu na mpigaji.

MkabajiAsilia
Mama, tunakuhitaji kila uzi.

Mgogo_Mtata
Mnazunguka sana. Brittney Griner, bloku 748 pale Baylor, hakuna mwanamke wala mwanaume wa NCAA aliyefika. Baylor 40-0 msimu wa 2011-12. Bloku zinadanganya nini hapo?

Mama_wa_Takwimu
Kwa Griner hazidanganyi, tena zinampunja. Thamani yake kubwa ilikuwa mitupo ambayo haikupigwa kabisa. Gadi anaingia, anamwona, anageuka na kutoa pasi nje. Hiyo haina safu. Ukitaka kumpima mtu kama huyo, hesabu mitupo ya wapinzani chini ya kapu akiwa uwanjani, halafu akiwa benchi.

Ila bloku ina deni la faulo. Cameron Brink alikuwa mlinzi bora wa taifa 2024, na mechi yake ya mwisho Stanford, dhidi ya NC State, alitolewa kwa faulo tano, wakafungwa 77-67. Faulo mbili za robo ya kwanza zinamnyima kocha mpango wote. Ndiyo maana kuruka wima, mikono juu bila kushuka, kuna faida kuliko kuuchapa mpira mpaka jukwaani. Umati haupigi kelele, lakini wewe unabaki uwanjani.

Mgogo_Mtata
Marefa wa wanawake wanapuliza sana, huo ndio ugonjwa. Mtu hagusi.

KochaMchangani
Hapana. Tangu 2013-14 wanasimamia makosa manne dhidi ya mwenye mpira, na yako wazi: kumwekea mikono miwili, kuweka mkono mmoja na kuuacha pale, kumgusa mara ya pili baada ya kugusa mara moja, na kumsukuma kwa mkono ulionyooka au kigasha. Anayekaba kwa kifua na miguu hana wasiwasi. Anayekaba kwa viganja ataimba na refa usiku kucha.

Na faulo za timu zinaanza upya kila robo, ya tano inawapa mitupo huru miwili. Ukifika nne na robo ina dakika sita mbele, usiendelee kubana mtu kwa mtu uwanja mzima. Hama zoni mbili-tatu, wawili mbele na watatu nyuma, kila mtu na eneo lake, ili watu wako wapunguze kugusana. Ni hapo tu ninapokubaliana na jina la ndugu yetu wa juu.

ZoniMbiliTatu
Hatimaye!

BintiNyali
Kuna ukabaji mwingine mnausahau: kumfanya mshambuliaji aitiwe faulo. Nusu fainali 2024, Iowa 71, UConn (chuo cha Connecticut) 69. Nika Mühl wa UConn alimfuata Clark mpaka nusu ya kwanza akawa na 6 tu; alimaliza na 21. Wakati wote umeelekezwa kwa Clark, Hannah Stuelke wa Iowa akapata 23 ndani. Na mwisho kabisa, UConn wakiwa na mpira, Aaliyah Edwards akaitwa kwa skrini inayotembea dhidi ya Gabbie Marshall wa Iowa. Watu walibishana wiki nzima kama refa alistahili kupuliza. Mimi naona Marshall alikuwa anapita juu ya skrini kama KochaMchangani alivyoeleza. Angejilegeza na kupita chini, hakuna mgusano, hakuna filimbi.

Mdau_wa_Kisumu
Ile filimbi sitaikubali hadi kaburini, ila endelea.

Babu_wa_Vikapu
Vijana, mnaongea kama ulinzi ulizaliwa juzi. UConn walikuwa na ushindi 111 mfululizo, Machi 2017 wakasimamishwa na Mississippi State ya Vic Schaefer, 66-64 dakika za nyongeza. Wachezaji wa UConn walikuwa bora kwa jina karibu kila nafasi. Siku hizi vipaji vimeongezeka, ulinzi umepungua.

Mama_wa_Takwimu
Shikamoo babu. Vipaji vimesambaa, hilo kweli. UConn walichukua mataji manne mfululizo 2013 hadi 2016. Kuanzia 2021 mpaka 2025 ni Stanford, South Carolina, LSU (chuo cha Louisiana), South Carolina, UConn. Na wachezaji wanahama: Angel Reese alitoka Maryland, mwaka wa kwanza LSU akabeba kombe. Ulinzi haujapungua, kazi yake ndiyo imekuwa ngumu. Mstari wa pointi tatu ulisogezwa nyuma hadi mita 6.75 msimu wa 2021-22, na bado wanapiga. Mlinzi wa leo ana eneo kubwa zaidi la kukimbia kuliko yule wa 2012.

KochaMchangani
Marahaba ya babu nitaipokea mimi, maana namuunga mkono mama. Tazameni fainali ya 2025, UConn 82, South Carolina 59. Azzi Fudd 24, Sarah Strong 24 na ribaundi 15, Paige Bueckers 17. Strong ni mrefu wa ndani anayepiga nje na kutoa pasi. Huwezi kuegesha senta wako kapuni kwa sababu mtu wake yuko mita saba kutoka pale. Ukimfuata, mlango wa nyuma uko wazi. Februari mwaka huohuo UConn walikuwa wameshashinda 87-58 ugenini palepale Columbia, ambako South Carolina walikuwa hawajafungwa mechi 71. Huo ndio mtihani wa ulinzi wa sasa: watano wote wanapiga, mguu mmoja ndani utauweka wa nani?

Babu_wa_Vikapu
Marahaba nimejipokelea mwenyewe, usinidhulumu. Jibu ni kuzungusha walinzi kwa haraka: aliye karibu na kapu anapanda kwa mpigaji, wa upande wa pili anashuka kuziba kapu, aliyepitwa anakimbilia mtu wa mbali kabisa. Watu watatu, pasi moja ikiwa hewani.

Mchungulia_Uzi
Karanga zimeisha. Sasa mimi nisiyejua nitazame nini mechi inayofuata?

MkabajiAsilia
Usitazame mpira. Chagua mlinzi mmoja aliye upande usio na mpira, mfuate robo nzima. Chukua karatasi, weka alama kila mara: anaona mtu wake na mpira kwa pamoja? Anapomkimbilia mpigaji, anapunguza hatua mita mbili za mwisho akiwa na mkono juu, au anapita kama daladala lisilo na breki? Mtupo ukipigwa, anamtafuta mtu wa kumziba au anatazama juu? Nitaanza na marudio ya fainali ya 2024, robo ya kwanza, nikirudi naweka alama zangu hapa.

BintiNyali
Anza na ya pili. Hiyo ya kwanza Clark atakumaliza karatasi.